Dume au jike? Mwongozo kamili wa kutambua jinsia ya makinda wa tai, kozi na vipanga siku ya kuvisha pete

Tulikuwa na makinda watatu wa kipanga mweusi chini ya mkaratusi mmoja upande wa Ngong Road, wamelazwa kwa taulo kama watoto wa kliniki, mimi ndio nimeshika kitabu, na nikaandika jike, jike, dume bila hata kugusa mguu wa kinda yeyote. Niliangalia mizani tu. Mzito jike, mwepesi dume, si ndio tumesoma, kwamba kwa ndege wawindaji mama ndiye mkubwa? Majibu ya DNA yalikuja miezi kadhaa baadaye na kumbe wawili kati ya watatu nilikuwa nimekosea. Yule mzito alikuwa dume, amezaliwa wa kwanza na ameshiba mpaka koo limefura. Yule mdogo niliyemuita dume alikuwa jike, ni vile tu alikuwa kitindamimba. Kilichoniokoa ni kwamba mzee aliyekuwa anavisha pete (ile bangili ndogo yenye namba ya kumtambua ndege) hakunisikiza hata kidogo, alipima mguu wa kila kinda mwenyewe na akachagua pete kulingana na mguu.

Kwa hivyo kama utatoka hapa na kitu kimoja basi ni hiki: usimuite kinda dume au jike kabla hujajua umri wake. Umri kwanza, mguu pili, uzito huko nyuma kabisa.

Kwa nini tunajisumbua

Sababu ya kwanza ni pete yenyewe. Kwa ndege wawindaji wengi jike ni mkubwa kuliko dume, na kwa vipanga na kozi tofauti ni kubwa sana. Kipanga mweusi dume mzima ana kama nusu kilo na kidogo juu, jike anaweza kukaribia kilo moja au kuipita kidogo. Sasa fikiria pete ya dume kwa mguu wa jike, itambana akiendelea kukomaa, na ndege aliyefungwa hivo porini hana daktari. Pete ya jike kwa dume nayo inashuka mpaka kwa vidole, inamsumbua akishika mawindo au inatoka kabisa na kazi yako yote inabaki kwa matope. Hii si mambo ya huku tu. Marekani kozi anayeitwa peregrine dume huvishwa pete saizi 6 na jike saizi 7A, na Uingereza kipanga wa kule pia dume na jike kila mmoja ana saizi yake. Kwa hivyo swali la jinsia unalijibu pale chini ya mti, sio ofisini wiki ijayo.

Sababu ya pili ni data. Kwa ndege wawindaji wengi majike wakitoka kiotani huenda mbali kuliko madume kutafuta pa kuzalia, kwa hivyo ukiona pete imeonekana tena Thika au imerudi Karura, bila jinsia hiyo habari ni nusu.

Kabla ya yote, karatasi

Huwezi tu kuamka ukapanda mti ukamshika ndege wa mwitu. Sheria ya wanyamapori ya 2013 iko wazi, unahitaji kibali, pete zenyewe haziuzwi dukani, na hapa Nairobi mambo ya ndege na pete yanapitia Museum, yaani Makumbusho ya Taifa, kwa sehemu ya ndege. Kama ni utafiti kuna kibali cha utafiti pia, na msitu kama Karura una wenyewe wa kuongea nao. Kama hujawahi kabisa kushika ndege usianze na tai. Anza na birdwalk ya Jumatano asubuhi inayoanzia Museum, jua watu, omba kuwasaidia wanaovisha pete ndege wadogo, ukishajua kushika chiriku bila kumuumiza ndio uje huku kwa wenye makucha. Huu mwongozo ni wa mtu aliye chini ya mvisha pete mwenye leseni, sio wa mtu aliyeona video.

Hatua ya kwanza: jua ni ndege gani uko naye

Hapa ndio watu wengi wanapotea juu wanachukua mbinu ya ndege mmoja wanampa mwingine. Weka akilini makundi matatu hivi.

Kuna wale wenye tofauti kubwa, vipanga kama huyu mweusi na wenzake wadogo, na kozi wa majabali kama peregrine na lanner ambao ukienda Hell's Gate utawaona. Kwa hao mguu ukipimwa vizuri kwa umri unaofaa jibu linapatikana pale pale, mara nyingi.

Halafu kuna wa katikati, tai mwenye kishungi wa Karura na Ngong Forest, yule mkubwa wa kula nyani wadogo na dik-dik, na augur (mwindaji anayeitwa augur buzzard kwa Kiingereza) wa huko Naivasha na mitaa yenye miti ya zamani. Jike ni mkubwa, ndio, lakini dume mkubwa na jike mdogo wanakutana katikati. Na huyu mwenye kishungi ana shida yake ya ziada: hutaga yai moja au mawili lakini kinda anayebaki ni mmoja, wa kwanza humuua mdogo wake, kwa hivyo huna ndugu wa kumlinganisha naye. Uko na kinda mmoja na kalipa (chombo cha kupimia unene), basi.

Kundi la mwisho ni wale ambao ukubwa haukusaidii sana, mwewe tunaowaona kila siku wakizunguka juu ya majaa na sokoni wakinyang'anya watu chips, na tumbusi, ambao dume na jike karibu ni sawa. Kwa hao usijisumbue na mguu, nenda moja kwa moja kwa DNA ama uandike haijulikani.

Pia kuna mbinu za rangi ambazo mtu atakuambia na hazifanyi kazi kwa ndege wetu. Kwa kestrel wa Marekani (kozi mdogo) kinda akishatoa manyoya ya bawa unamjua, dume ana bluu, jike ana kahawia nyekundu. Kwa vipanga wa mbugani wa Ulaya, wale wanaoruka chini chini juu ya nyasi, jicho la kinda dume huwa kijivu na la jike kahawia. Ni kweli kabisa, lakini hao wa Ulaya huku wanakuja kutembea tu, hawazalii kwetu, kwa hivyo usiende kumkodolea macho kinda wa augur ukitafuta kijivu.

Hatua ya pili: pata umri ukiwa bado chini

Hii kazi inafanywa wiki nyingi kabla ya siku ya kupanda na ndio mtu anairuka juu haina picha nzuri. Unahitaji darubini, kiti kidogo, chai kwa thamosi, na uvumilivu. Tafuta tarehe ya kuanguliwa. Mama akiwa analalia mayai anakaa amejibana chini, unaona tu mkia, siku makinda wanatoka anaanza kukaa juu juu na kuinama mara kwa mara akimega nyama vipande vidogo. Chini ya mti utaokota ganda la yai. Halafu angalia chokaa, yaani mavi meupe. Siku za kwanza hakuna kitu, makinda wakipata nguvu wanageuka wanarusha nje ya kiota na majani ya chini yanaanza kuwa na madoa, na ile duara nyeupe inapanuka kila wiki. Andika tarehe za yote hayo.

Ukishajua siku ya kuanguliwa, hesabu. Kipanga mweusi anakaa kiotani wiki tano mpaka saba, mimi napenda kupanda wakiwa wiki ya tatu kuingia ya nne. Peregrine ni hivo hivo, wiki ya tatu mpaka ya nne. Augur subiri wiki ya nne au ya tano. Tai mwenye kishungi anakaa karibu siku 110 kiotani, kwa hivyo kuna nafasi, wiki ya saba mpaka ya tisa ni sawa.

Mbona hapo? Juu mguu unakomaa mapema kuliko manyoya. Mifupa ya mguu na kidole inakaribia saizi ya utu uzima wakati manyoya ya bawa bado ni mabomba yenye damu, hayajafunguka, kwa hivyo kuna dirisha ambapo mguu ni wa ndege mzima lakini mwenyewe bado hawezi kuruka. Ukienda mapema sana, wote wana miguu ya watoto na hutajua lolote, na pete itakuwa kubwa kwa kila mtu. Ukichelewa, kinda akikuona unatokea ukingoni anaruka, na kinda aliyeruka kabla ya siku zake anaishia chini kwa mbwa. Ukifika ukakuta wamesimama matawini na manyoya kamili shuka, hakuna pete ya thamani hiyo.

Hatua ya tatu: siku yenyewe

Saa tatu mpaka saa tano asubuhi ndio nzuri, baridi imetoka na jua halijawa kali. Mvua ikiwa inatishia ahirisha, kinda mwenye manyoya ya malaika akilowa anakufa baridi. Watu wanne wanatosha: mkwezi, wa kupokea chini, wa kuandika, na mmoja wa kuangalia wazazi. Huyo wa nne ni muhimu, jike wa tai mwenye kishungi anapiga mtu kwa mgongo na kichwa na si mchezo, kwa hivyo mkwezi avae helmeti, miwani ya kukinga macho na koti nzito, na aliye chini apige kelele kila mama akikunja mabawa. Mkaratusi nao una tabia ya kuangusha matawi bila notisi, kwa hivyo usifunge kamba kwa tawi, funga kwa shina. Na kabla mkwezi hajapanda, zunguka mti mzima ukitafuta nyuki. Nimeona mtu mzima akishuka mita ishirini kwa sekunde ambazo sijui nihesabu vipi juu ya nyuki, kipanga hata hakuwa ameanza.

Mkwezi anaweka kila kinda kwa mfuko wake wa kitambaa, mmoja mmoja, anawashusha kwa kamba. Mifuko iwe na rangi au namba, juu mkishachanganya makinda mmechanganya na data.

Watu watakuja tu, hii ni Nairobi. Siku moja askari mmoja wa geti alitusimamia akatuangalia weee halafu akauliza, "Kijana, sasa huyo ndege mmemfunga pingu amefanya nini?" Nikamwambia, "Hapana mzee, hiyo ni kama kitambulisho, akipatikana mahali tujue ni wa wapi." Akafikiria. "Na mmeandika ni mwanamume ama mwanamke?" Nikamwambia hapo ndio tuko, mzee. Mweleze mtu kwa heshima, watu wa hapo ndio watakaolinda huo mti ukienda nyumbani.

Hatua ya nne: vipimo, na mpangilio wake

Kinda akiwa chini mfunike kichwa na kitambaa chepesi, akiwa gizani anatulia. Mshike miguu yote miwili pamoja juu ya vidole, kidole chako kimoja katikati ya miguu ili isisuguane, mgongo wake kwa taulo. Usimbane kifua, ndege anapumua kwa kupanua kifua.

Anza na bawa, sio mguu, juu bawa ndilo litakuambia umri. Weka rula chini ya bawa lililokunjwa kutoka kwa kiungo cha mbele mpaka ncha ya nyoya refu kabisa, bila kulinyoosha kwa nguvu. Manyoya yakiwa bado mabomba yashike pole pole, yana damu na yakivunjika inatoka kweli kweli. Uzuri wa bawa ni kwamba kwa madume na majike linakua karibu sawa mpaka wakaribie kuruka, kwa hivyo ni kama saa. Kama una tarehe ya kuanguliwa, linganisha. Kama huna, bawa ndilo tegemeo lako.

Kumbuka madume wa vipanga huwahi kutoa manyoya na huwahi kuondoka kiotani. Kwa hivyo yule anayeonekana mkubwa wa umri, manyoya kila mahali, kichwa hakina malaika tena, anaweza kuwa dume mdogo wa umbo, na yule mwenye miguu kama ya kuku wa broila na bado ana pamba kichwani anaweza kuwa dada yake. Hiyo picha ukishaiona mara moja huisahau.

Sasa mguu. Sehemu tunayopima ni ule mfupa mrefu ulio wazi kati ya kifundo na vidole, hapo pete inapokaa, wacha tuuite muundi. Kalipa isome mpaka sehemu ya kumi ya milimita. Pima unene mara mbili, upande kwa upande na mbele kwa nyuma, katikati ya muundi, mbali na viungo vilivyovimba. Usibane. Mguu wa kinda una nyama na maji, ukikaza kalipa inazama na unapata namba ya uongo, weka iguse tu ngozi iteleze. Pima mara tatu, na kila mara ondoa kalipa kabisa uanze upya, usisome ile ile. Zikipishana sana rudia. Afadhali zaidi, mpe mwenzako apime bila kumwambia umepata ngapi, mtu akisikia namba yako yeye pia ataipata, hiyo ni tabia ya binadamu.

Baada ya hapo ukucha wa nyuma, kutoka pale unapotoka kwenye ngozi mpaka ncha, kwa mstari ulionyooka. Kwa tai huu ndio una habari nyingi, kwa tai wa dhahabu wazima unatenganisha dume na jike vizuri sana, na kwa tai wa Marekani mwenye kichwa cheupe huunganisha mguu na kina cha mdomo kwa makinda. Kwa kinda ukucha bado unakua kwa hivyo tena rudi kwa umri. Pima pia shubiri ya mguu, yaani mguu ukitandazwa kwenye rula kutoka mwisho wa kidole cha kati mpaka mwisho wa kidole cha nyuma, bila kuhesabu kucha. Hapa mtu wa pili amshike vizuri juu mguu wa tai mwenye kishungi ukifunga kwa mkono wako hautaufungua na maombi, na usijaribu kuuvuta, mnyooshee mguu wote utulie utaachia.

Mizani mwisho. Andika uzito lakini andika na koo. Gusa pale chini ya shingo, kama kuna uvimbe huo ni mfuko wa chakula alichomeza hajakisaga, mpe alama kutoka 0 tupu mpaka 4 umejaa pomoni. Yule dume wangu wa Ngong Road alikuwa na 4, alikuwa amebeba njiwa karibu nusu kooni. Uzito bila hiyo alama ni bure.

Tabia usiandike popote. Eti yule mkali anayelala chali akirusha makucha ndiye jike. Wapi. Nimeshakutana na madume wanaopigana kama wamedhulumiwa shamba na majike wanaolala tu wakikuangalia. Na ile ya kuangalia sehemu za siri kama vifaranga vya bata, kwa hawa sahau.

Hatua ya tano: uamuzi

Hapa sasa. Usimlinganishe kinda na kinda kwa macho. Chukua karatasi ya grafu, bawa chini, unene wa muundi pembeni, na kila kinda umpige nukta. Msimu mmoja haionyeshi kitu. Misimu miwili mitatu ya ndege wa aina moja utaanza kuona nukta zinajigawa vikundi viwili, mkanda wa juu na mkanda wa chini, na katikati pana nafasi. Kwa vipanga nafasi hiyo inaonekana haraka, kwa augur inajaa nukta zinazokuchanganya. Kinda mpya akiangukia katikati ya mkanda wa juu andika jike, wa chini dume, akiangukia kwa nafasi andika haijulikani.

Namba za nchi nyingine usizikopi moja kwa moja. Ndege wa aina ile ile anaweza kuwa mkubwa kusini mwa Afrika na mdogo huku au kinyume, kwa hivyo jenga grafu yako.

Sasa hiyo haijulikani, watu wanaiogopa kama kufeli mtihani. Fomu iko na nafasi tatu, mtu anaona ukijaza ya tatu utaonekana hujui kazi. Lakini ukikisia, lile kisio linaingia kwa kitabu na miaka kumi baadaye mtu anahesabu madume na majike wa Nairobi akitumia aibu yako kama ukweli. Mimi sa hizi naweka na alama ya pembeni jinsi nilivyojua: M ya mguu, D ya DNA, na kama ingekuwa ni kukisia tu naandika haijulikani.

Ukiwa na ndugu wawili au watatu wa umri unaojulikana unaweza kuwatumia wenyewe kwa wenyewe, lakini sawazisha umri kwanza. Mayai ya kipanga hayaanguliwi siku moja, kati ya wa kwanza na wa mwisho kuna siku kadhaa, na siku mbili kwa kinda anayekua ni nyingi. Mdogo wa bawa lakini mnene wa mguu, huyo ni jike karibu kila mara. Mkubwa wa bawa na mwembamba wa mguu, dume. Shida ni mkubwa wa bawa na mnene wa mguu, na mdogo kwa mdogo, hapo ndio grafu inakusaidia.

Hatua ya sita: pete

Chagua saizi kwa mguu uliopima, hata kama jinsia umeandika haijulikani. Ikiwa uko kwa mpaka kati ya saizi mbili chukua inayozunguka vizuri na kuteleza juu na chini bila kupita kifundo wala kushuka kwa vidole. Funga kwa plaisi ya pete yenyewe, midomo ikutane sawasawa bila kupishana, pitisha kidole uone hakuna kona inayokwaruza. Kwa tai pete ya kawaida ya kukunja haitoshi, anaifungua na mdomo, wao huvishwa za kufungwa kwa ulimi au kwa ribiti.

Msoma namba asome kwa sauti, mwandishi arudie kwa sauti, halafu piga picha ya pete ikiwa mguuni. Mara moja tulisoma 3 tukaandika 8 na ni picha iliyotuokoa.

Hatua ya saba: DNA kwa waliobaki

Kwa ndege jike ndiye mwenye kromosomu mbili tofauti, Z na W, dume ana Z mbili, kinyume na sisi. Tangu 1998 kuna njia ya kusoma jeni moja inayoitwa CHD ambayo iko kwa Z na pia kwa W lakini kwa urefu tofauti kidogo, kwa hivyo kwa jeli ya maabara jike anatoa mistari miwili na dume mmoja. Kwa ndege wawindaji wengine hiyo mistari hukaribiana sana kwa jeli ya kawaida, kwa hivyo waambie maabara ni ndege gani ili wachague vianzio (vipande vya DNA vya kuanzishia usomaji) vinavyofaa, na wapelekee na sampuli ya ndege mzima mnayemjua kabisa ni jike na mwingine dume.

Sampuli ni tone moja mbili za damu kutoka kwa mshipa wa ndani ya kiwiko cha bawa, na hiyo ifanywe na daktari wa wanyama au mtu aliyefunzwa, halafu ikae kwa karatasi maalum au kwa spiriti kali ya maabara. Kama hakuna mtu wa damu, manyoya mawili matatu madogo ya kifuani yaliyong'olewa na mzizi yanatosha, yaweke kwa bahasha ya karatasi, sio nailoni, unyevu utayaozesha. Bahasha moja kinda mmoja, namba ya pete juu kabla hujaifunga. Kuzituma nje ya nchi kunahitaji kibali cha CITES (mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyamapori) kwa hivyo uliza mapema, usigundue ukiwa uwanja wa ndege wa JKIA.

Kurudisha

Rudisha kwa mpangilio ule ule uliowatoa, wote kwa wakati mmoja wakiwa wameelekea ndani ya kiota, sio ukingoni. Jumla ya muda wao chini isizidi dakika ishirini kwa kila mmoja, kama umeshindwa na kipimo kimoja kiache. Ukishuka okota matawi uliyovunja na usiache njia iliyokanyagwa hadi kwa shina, wakora na tumbili wanafuata njia. Na picha ukipiga usiweke mahali mti ulipo kwa mtandao.

Kaa mbali, kama mita mia, mpaka mama arudi. Mimi hukaa hata saa nzima na hiyo ndio saa ninayojaza grafu kwa penseli, nikiangalia nukta za leo zimeangukia wapi. Majibu ya DNA yakija baadaye natumia kalamu nyekundu juu ya penseli, sifuti ya chini, na kwa ukurasa wa Ngong Road bado kuna zile mbili nyekundu.